Kuchuja matusi mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara. Yanatoka kwa wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, wenye kurasa za biashara, walimu, wazazi, na watu ambao maoni yao yamefutwa wasijue wamekosa nini. Ukikuta "tazama swali la 4", ujue jibu liko huko na hapa halirudiwi.

## Mambo ya mwanzo

1. Kichujio cha matusi ni kitu gani?

Ni programu inayosoma maandishi kabla msomaji hajayaona, kisha inaamua: yapite, yafichwe, yawekewe nyota, yasubiri mtu ayakague, au yakataliwe moja kwa moja.

Zipo za namna mbili. Ya kwanza inatumia orodha: mtu ameorodhesha maneno mabaya, kompyuta inayasaka. Ya pili imefundishwa kwa maelfu ya mifano ambayo watu waliisoma na kuiwekea alama, hili tusi, hili si tusi, halafu ikaachwa ikisie yenyewe. Mitandao mikubwa hutumia zote mbili, na nyuma yake kuna binadamu. Kwa miaka kadhaa Nairobi ilikuwa na kituo ambacho vijana walikaa kutwa wakikagua machapisho ya Facebook ya Kiswahili, Kisomali, Kiamhari na lugha nyingine za Afrika.

2. Nini kinahesabiwa kuwa tusi?

Kiswahili kina madaraja yake. Juu kabisa yapo matusi ya nguoni, yanayotaja sehemu za siri, na mara nyingi za mama wa mtu. Hayo hayana ubishi kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Yapo ya kumfananisha mtu na mnyama: mbwa, nguruwe, punda, nyang'au. Yapo ya kumvua mtu utu kwa kabila lake, dini yake, rangi yake au ulemavu wake. Na yapo yasiyo na neno baya hata moja (swali la 11).

Vichujio vinayamudu matusi ya nguoni, kwa wanyama vinababaika, na hayo mengine ndiyo vinayoyapitisha. Bahati mbaya ni kwamba tusi la nguoni likisemwa, aliyetukanwa hukasirika yakaisha, ila tusi la kabila limewahi kuua watu (swali la 13).

3. Mbona matusi yenyewe hayaandikwi hapa?

Kwa sababu ukurasa wenye matusi ya nguoni utakwama kwenye kichujio cha simu ya mwalimu aliyetaka kuusoma. Tumetumia tafsida. Anayeyajua atayatambua, asiyeyajua hajapoteza kitu.

## Kwa nini vinakosea

4. Nimeandika neno la heshima kabisa, limekataliwa. Kwa nini?

Kompyuta haikusoma neno, imesoma herufi. Tazama herufi nne za mwanzo za "kumaliza" au "kumaanisha" utaelewa. Kwa kichujio cha kizembe, mtu hawezi kusema amemaliza kazi wala kueleza alichomaanisha. Hawezi kutaja mji wa Kumasi kule Ghana, wala Kumamoto wa Japani, na kila Mhindi aitwaye Kumar ni mtovu wa adabu. (Kwa Wajapani herufi hizo nne ni dubu tu, na mkoa wa Kumamoto una kikaragosi cha dubu ambacho watoto wanakipenda mno. Mswahili akitajiwa jina lake anaangalia chini.)

Mifano haiishi. Ndani ya "Himalaya" amejificha mwanamke anayejiuza. Ndani ya "atakosa" mna kalio. Watu wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hawakosi la kueleza.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofanya tusi la Kiingereza. Mpaka leo mafundi duniani huliita tatizo hili kwa jina la mji huo. Sisi tungeweza kuliita tatizo la kumaliza.

5. Kichujio kilichotengenezwa kwa Kiingereza kikiletwa kwenye Kiswahili inakuwaje?

Balaa. "Mashitaka" ina kinyesi cha Kiingereza ndani yake, kwa hiyo mwandishi wa habari za mahakamani ana kazi. "Fagia" inaanza na tusi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. "Ananusa" ina neno la kitabibu la sehemu ya nyuma. Hassan na Nassor wamebeba matako. Ukiandika "pakia mzigo" umewatukana Wapakistani wa Uingereza.

Lakini mfalme wa yote ni nazi. Kwa mashine iliyolelewa Ulaya na Marekani, neno hilo lina maana moja tu, nayo ni ya Hitler. Nilimsaidia dada mmoja anayeuza chakula cha mchana. Tangazo lake lilisema: "Leo tuna wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka." Likakaa siku mbili likisubiri ukaguzi, wali ukaliwa ukaisha. Safari iliyofuata akaandika "wali wa tui", likapita papo hapo. Wateja wakaanza kuuliza: tui la nini?

6. Si kompyuta itafute neno zima tu, isiangalie herufi zilizo ndani?

Kwa Kiingereza hilo linasaidia sana. Kwa Kiswahili linakutoa kwenye shimo moja na kukutia lingine, maana neno letu halisimami peke yake. Chukua shina -shenzi: mshenzi, washenzi, ushenzi, kishenzi, lishenzi, mashenzi. Ukiorodhesha "mshenzi" peke yake, wengine wote wamepita. Vitenzi ndiyo usiseme. Tusi linakaa katikati, mbele limefunikwa na nafsi, wakati na mtendwa, nyuma limefunikwa na viambishi vya kutendea na kutendana. Shina moja linaweza kuzaa maumbo mamia, na hakuna anayeweza kuyaandika yote kwa mkono.

Halafu kuna ujanja wa ngeli. "Mzee" ni heshima, "kizee" ni dharau, "lizee" ni vita. Mtu akigeuzwa kuwa jitu au kijitu ametukanwa bila tusi. Hakuna orodha inayoweza kuzuia "mtu", kwa hiyo panahitajika programu inayochambua maumbo ya maneno, au iliyofundishwa kwa Kiswahili chenyewe.

7. Iliyofundishwa si ndiyo suluhisho?

Ni nafuu, lakini inarithi masikio ya walioifundisha. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mifumo ya aina hii ilikuwa ikiona Kiingereza cha Wamarekani weusi kuwa cha matusi kuliko Kiingereza cha wengine, hata watu walipokuwa wanazungumza tu. Waliokuwa wakiweka alama hawakuizoea lugha ile. Jiulize Kisheng cha Eastlands, Nairobi, au lugha ya vijiweni Dar es Salaam ikiwekewa alama na mtu aliyejifunza Kiswahili darasani.

Shida nyingine ni uhaba wa mifano. Mwaka 2025 ulitoka mkusanyiko uitwao AfriHate, wa lugha 15 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ambao alama zake ziliwekwa na watu wanaozijua lugha hizo. Ni mwanzo mzuri. Kiingereza kina mikusanyiko chungu nzima ya namna hiyo.

8. Watu wanaoandika kwa nyota, namba na herufi za ajabu je?

Wapo na hawataisha. Wanaweka 4 badala ya a, x badala ya s, nafasi kati ya herufi. Kichujio kizuri hurudisha alama hizo kwenye herufi zake kabla ya kukagua. Kisichotarajiwa na wengi ni kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, "nyumba" ikawa "mbanyu". Kisheng nacho kinapindua silabi hivyo hivyo. Bibi zetu walizungumza mbele ya watoto kwa njia hii kabla kompyuta haijazaliwa.

## Neno moja, masikio mengi

9. "Shoga" ni tusi au si tusi?

Inategemea nani kamwambia nani, na wapi. Unguja, Mombasa au Tanga, mwanamke akimwandikia mwenzake "shoga yangu, umeadimika!" anamwonyesha mapenzi. Ni rafiki wa ndani, wa kuazimana kanga na siri. Neno hilo hilo akirushiwa mwanamume, hata huko huko pwani, ni shutuma ya mapenzi ya jinsia moja, na kwa wengi wa bara maana hiyo ndiyo pekee wanayoijua.

Mtandao ukilizuia kabisa, umewafunga midomo wanawake wa pwani nzima. Ukiliachia kabisa, umemwacha kijana anayeandamwa ashambuliwe. Kwa maoni yangu maneno ya aina hii hayafai kukaa kwenye orodha ya kufuta. Yakae kwenye orodha ya kukaguliwa, na mkaguzi aangalie jirani za neno: "yangu" na salamu, au jina la mwanamume na kundi la watu kumi wanaolirudia.

Yapo mengi ya aina hii, ya utani mdogo zaidi. Watu wa Mombasa husema "mvua yanya" na hakuna anayeshtuka. Mtanzania husema "inanyesha", na akisikia hilo la kwanza anawaza choo. Mkenya akisema "nipe chai" ameagiza chai. Mhudumu wa Dar aliyezoea "naomba" anaona ameamrishwa. Adabu hiyo ya "naomba" hakuna kichujio kinachoijua, na labda tushukuru.

10. Utani wa kabila au wa mpira unachujwaje?

Vibaya. Mngoni na Mhehe wakikutana wanaambiana mambo ambayo mgeni angeita polisi, na msibani ndipo wanapozidisha. Utani una ruhusa iliyotolewa na mababu, na mashine haiwezi kuiona ruhusa hiyo ndani ya maandishi.

Simba na Yanga ni watani wa jadi, kwa hiyo siku ya mechi yao mtandao unajaa "Utopolo", "Makolo", "Mikia" na "vyura". Ukiviondoa vyote umeua siku yenyewe. Wasimamizi wengi wa makundi ya mpira wamefikia mahali pazuri: majina ya klabu yanaruhusiwa yote, mama wa mtu na kabila la mtu haviguswi. Kanuni hiyo inaeleweka kuliko kurasa ishirini za masharti.

11. Kichujio kinaweza kukamata mafumbo na mipasho?

Hapana. Mwanamke aliyevaa kanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" na kupita mara tatu mbele ya mlango wa jirani amepeleka ujumbe wote, na kila neno ni safi. Mtandaoni ni vivyo hivyo. Ukiona maoni matatu ya "hongera mama, Mungu anakuona" chini ya picha ya harusi, wewe uliyemo ndani unajua kinachoendelea. Kazi hiyo ni ya msimamizi mwenye masikio.

12. Neno la dini kama "kafiri" lizuiwe?

Kwenye darsa au tafsiri ya Kurani ni istilahi, huwezi kuiondoa. Likielekezwa kwa jirani kwa jina lake ni uchokozi. Na likivuka mpaka hadi Afrika Kusini, ndugu yake mwenye f mbili ni tusi la rangi zito kuliko yote, kiasi kwamba mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo kwa kulitumia tena na tena dhidi ya polisi weusi. Mwenye kundi lenye Waswahili na Waafrika Kusini pamoja aeleze jambo hili mapema. Kwa namna ya kuliweka kwenye orodha, tazama swali la 9.

13. Maneno ya kawaida yanageukaje kuwa hatari?

"Mende" ni mdudu. Ukilizuia neno hilo umemfungia muuza dawa ya mende na umelifuta kabila la Wamende wa Sierra Leone. Lakini nchini Rwanda, neno la Kinyarwanda la mdudu huyo, inyenzi, lilitangazwa na redio ya RTLM dhidi ya Watutsi mwaka 1993 na 1994, mpaka kuua mtu kukaonekana kama kupuliza dawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa hapa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari mwezi Disemba 2003. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu, haikuwafungulia mlango. Katika ushahidi wote ule, nguvu ya neno haikutoka kwenye kamusi.

Kenya ilijifunza somo lake baada ya uchaguzi wa 2007. "Madoadoa" ni ya chui na ya nguo iliyomwagikiwa chai. "Kwekwe" ni magugu ya shambani. Yaliposemwa kuhusu majirani wa kabila jingine, maana ilikuwa ni kuwaondoa. Ndiyo maana mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa, hayo mawili yakiwamo pamoja na "mende" na "wabara". Hilo la mwisho ni neno ambalo Mzanzibari analitumia kila siku kueleza tu kwamba mtu ametoka ng'ambo ya pili.

Kwa hiyo orodha za aina hii zina msimu na mahali. Neno liwekewe tarehe ya kuingia, sababu, na mtu wa kulipitia baada ya uchaguzi. Orodha isiyopitiwa inazeeka vibaya: watu wanahamia neno jipya, na la zamani linabaki kumsumbua mkulima anayeuliza dawa ya kwekwe.

## Mapendeleo yako mwenyewe

14. Nawezaje kuweka kichujio changu?

Instagram, YouTube, TikTok, X na kurasa za Facebook zote zina sehemu ndani ya mipangilio ambapo unaandika maneno usiyotaka kuyaona. Andika kila umbo unalolikumbuka, kwa sababu ya yaliyoelezwa kwenye swali la 6, na yale ya kukosewa makusudi. Kwenye kurasa za Facebook kumbuka jambo moja: maoni yaliyofichwa bado yanaonekana na aliyeyaandika pamoja na marafiki zake. Anaendelea kudhani amekutukana hadharani. Wengine wanaona ni ujanja mzuri. Mimi naona ni kero iliyowekwa chini ya zulia, maana marafiki zake ndio hao hao wanaokujua.

Si lazima liwe tusi. Mama aliyepoteza mimba anaweza kuficha "mimba" na "kichanga" kwa miezi kadhaa. Anayerekodi mechi aitazame usiku anaficha majina ya timu. Hapo humzuii mtu kusema, unachagua tu cha kusoma.

15. Mimi matusi hayanisumbui. Kwa nini nichujiwe?

Hoja ya haki. Mpangilio mzuri hutenganisha sakafu na dari. Sakafu ni ya wote: vitisho, uchochezi dhidi ya kabila, picha za watoto wakinyanyaswa kingono, hakuna mwenye hiari hapo. Juu ya sakafu kila mtu ajichagulie ukali wake. Mtandao unaompa mtu mzima wa Goma na mtoto wa Pemba kipimo kimoja umewakosea wote wawili.

16. WhatsApp ina kichujio?

Haina cha maneno. Ujumbe umefungwa kutoka simu hadi simu, kampuni yenyewe haiusomi. Msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote, kumtoa mtu, au kufunga kundi waandike wasimamizi tu. Kundi la ukoo likichafuka usiku, hiyo ya kufunga mpaka asubuhi ndiyo dawa, na mjomba aliyeanza apigiwe simu asisutwe mbele ya wajomba zake.

17. Simu ya mtoto je?

Washa utafutaji salama wa Google na udhibiti wa wazazi, ila usidhani vinakijua Kiswahili vizuri. Mtoto wa miaka kumi anajua matusi ambayo simu haiyajui.

## Mambo ya pembeni

18. Ukurasa wetu ni wa afya na kila chapisho linazuiwa. Tufanyeje?

Ugonjwa huu nao ni mkongwe. Mwaka 1995 AOL ilizuia neno la Kiingereza la matiti, na wagonjwa wa saratani ya matiti wakajikuta hawana pa kuzungumzia. Mkiandika "saratani ya matiti", "uke" na "uume" kwa ukamilifu, mifumo iliyofundishwa huwa na nafuu, kwa sababu maneno jirani kama "kliniki" na "vipimo" yanaisaidia kuelewa. Mkianza kuandika kwa nyota mnafanana na wanaokwepa (swali la 8). Na msiache kukata rufaa, kila mara.

19. Nimetukanwa, nataka kuonyesha tusi lenyewe kama ushahidi. Chapisho langu linafutwa.

Mashine haitofautishi anayetukana na anayenukuu. Piga picha ya skrini mapema, jina la akaunti, saa na tarehe vionekane, kwa kuwa kichujio kikimfuta yeye kimekufutia ushahidi. Hadharani weka picha yenye neno lililozibwa. Picha kamili mpelekee anayehusika.

20. Emoji nazo?

Zina kabila lake. Chura kwenye ukurasa wa Dar es Salaam anamtania shabiki wa Yanga. Marekani, kikaragosi cha chura kiitwacho Pepe kiliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya alama za chuki ya ADL, shirika linalopambana na chuki dhidi ya Wayahudi. Nyoka kwa Mswahili ni mnafiki popote alipo.

21. Nikichujwa maana yake nimevunja sheria?

Hapana. Masharti ya mtandao ni jambo moja, sheria ya nchi ni jingine. Kenya ina sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008 na ya makosa ya kompyuta ya 2018. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye vifungu vya uonevu mtandaoni na matusi ya kibaguzi. Unaweza kupita kwenye kichujio na bado ukaitwa polisi.

22. Jina langu halisi linakataliwa kwa sababu lina tusi ndani yake. Nifanyeje?

Usilibadilishe. Omba ukaguzi wa mtu, ambatisha kitambulisho pale mtandao wenyewe unapoomba, na eleza kwa sentensi moja jina linatoka lugha gani. Ukikataliwa, omba tena, na safari hii andika kwa Kiingereza.